Puli ya Pampu ya Usukani: Kabla Nyundo Haijainuliwa

Ziko kazi za gereji ambazo mlaji hulazimika kuzilipia mara mbili, na kufunga puli ya pampu ya usukani ni mojawapo. Mara ya kwanza hulipia puli. Mara ya pili hulipia pampu nzima, iliyoumizwa siku ileile puli ilipofungwa, ingawa uharibifu wenyewe hujitokeza baada ya wiki kadhaa. Tumeona vyema kuieleza kazi hii kwa wenye magari wa Karagwe na Kyerwa, si kwa kutaka kila mmoja ajifungie mwenyewe, bali ili ajue la kuuliza anaposimama kando ya fundi na boneti imeshafunguliwa.

Katika gari lenye pawastelingi ya mafuta, pampu ndogo iliyo ubavuni mwa injini husukuma mafuta kwa shinikizo kubwa hadi kwenye mtambo wa usukani. Pampu hiyo huzungushwa na injini kwa njia ya mkanda unaopita juu ya puli. Puli ikichomoka, usukani huwa mzito ghafla. Gari bado hugeuka, lakini kwa nguvu za mikono tu, na dereva wa Hiace iliyojaa abiria asiyelitarajia jambo hilo huenda akashindwa kuimaliza kona ya mteremko. Katika baadhi ya magari mkanda huohuo huzungusha pia altaneta na pampu ya maji; hapo mkanda ukitoka, betri huacha kuchajiwa na injini huchemka. Magari mengi madogo ya miaka ya karibuni hutumia mota ya umeme badala ya pampu. Ukiambiwa kwamba pampu ya gari la namna hiyo imekufa, omba uonyeshwe mahali ilipo.

Sasa tuitazame puli yenyewe, katikati yake. Ukiona nati, puli hiyo imebanwa kwa nati. Magari mengi ya Toyota yanayotembea katika wilaya zetu ni ya aina hii. Ukiona mwisho wa shafti ulio wazi, wenye tundu lililokatwa hesi ndani na usio na nati yoyote, basi puli imeingizwa kwa kukazwa: tundu lake ni dogo kuliko shafti kwa kiasi kisichoonekana kwa macho, na ni mkazo huo peke yake unaoishika. Zipo pia zinazofungwa kwa bolti kadhaa, kama katika baadhi ya magari ya Land Rover, nazo hazina taabu kubwa.

Taabu iko kwa ile ya kukazwa. Fundi asiye na kifaa chake huiweka puli kwenye ncha ya shafti na kuipiga nyundo mpaka iingie. Huingia, na mteja huondoka ameridhika. Lakini kila pigo limepita katika shafti hadi ndani ya pampu, likagonga beringi na vile vipande vyembamba vinavyosukuma mafuta. Beringi iliyogongwa huanza kulia, shafti hucheza, sili hukatika, na mafuta huanza kudondoka juu ya mkanda. Mlaji akirudi kulalamika, huambiwa pampu ilikuwa imechoka. Yamkini ilikuwa imechoka kweli. Lakini baada ya nyundo hakuna tena awezaye kuthibitisha.

Njia iliyo sahihi haina kelele. Kifaa cha kufungia kina bolti ndefu inayoingizwa katika hesi ya shafti mpaka ishike barabara, na nati kubwa inayoisukuma puli taratibu inapokazwa kwa spana. Bolti hupakwa mafuta kidogo. Nguvu yote hubaki baina ya kifaa na shafti, wala pampu haisikii kitu. Fundi huacha kukaza puli inapofika mahali ile ya zamani ilipokuwa, na ndiyo sababu kipimo chake huchukuliwa kabla ya kuing'oa. Aghalabu uso wa kitovu cha puli hulingana na ncha ya shafti. Kung'oa nako kuna kifaa chake, pula inayoshika shingo ya puli. Pula ya kawaida inayovuta ukingoni huipinda.

Kwa puli ya nati, shafti husafishwa na kile kipande cha chuma ambacho mafundi hukiita kii hurudishwa katika mfereji wake. Kisha nati hukazwa kwa spana yenye kipimo, huku puli ikizuiwa kwa kifaa na si kwa bisibisi iliyochomekwa kati ya matundu yake.

Usikubali kabisa puli iliyolegea ichomelewe kwenye shafti. Joto la kuchomelea huiunguza sili iliyo sentimita chache tu nyuma yake, na tangu siku hiyo puli na pampu huwa kitu kimoja kisichotenganishwa.

Unaponunua, nenda dukani na puli ya zamani mkononi, iwe ni Kayanga, Omurushaka au ng'ambo ya Murongo nchini Uganda. Puli mbili zaweza kuwa na upana mmoja na idadi moja ya mifereji, lakini moja ikasogea mbele kwa milimita tatu. Milimita hizo zatosha kuufanya mkanda ulie na kuchanika kingo. Kwa hiyo, kabla injini haijawashwa, mwombe fundi aweke rula ndefu ya chuma juu ya nyuso za puli ili uone kama zimekaa katika mstari mmoja. Kagua pia mkanda wenyewe, kwani vumbi la barabara zetu huula mapema.

Ikiwa mafuta yalimwagwa, yajazwe ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko cha kopo la pampu. Mafuta ya breki huharibu sili. Magurudumu ya mbele huinuliwa, usukani huzungushwa pande zote mbili injini ikiwa imezimwa, kisha ikiwa imewashwa, mpaka mapovu yaishe.

Swali la kumwuliza fundi kabla ya kazi ni moja: utaiingiza kwa kifaa gani? Asipokuwa nacho, pampu yaweza kufunguliwa na kupelekwa kwa mwenye nacho. Patana naye kwa maandishi, japo ni karatasi ya daftari, na uandike hali ya pampu kabla haijaguswa: inavuja au haivuji, inalia au hailii. Dai risiti ya kipuri na urudishiwe kile cha zamani. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji, na malalamiko ya namna hiyo hupokewa na Tume ya Ushindani. Dai la fidia dhidi ya fundi laweza kufikishwa mahakamani, na hapo ile karatasi ya daftari ndiyo itakayosomwa kwanza.