Kwa Miguu Katika Mji wa London



Wazee wetu walisema, Tembea uone. Nasi tulitembea, tukaona. Na si vema mtu aone jambo la mafundisho kisha alifungie moyoni mwake. Kwa hiyo mwezi huu twawaalika ninyi, baba na mama wa nyumba za Kikristo, na ninyi walimu pamoja na watoto mnaowalea, mfuatane nasi kwa miguu katika London, mji mkuu wa Uingereza. Njia si ndefu. Kutoka Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo mpaka Kanisa la Westminster ni kadiri ya maili mbili, na mwenye haraka aweza kufika kabla ya saa moja kupita. Lakini sisi tulisimama mara nyingi, hata jua likapita utosini.

Katika mji ule wako watu ambao kazi yao ni kuwaongoza wageni na kuwaeleza habari za majengo. Mmoja wao, mzee mpole, ndiye aliyetutangulia, akiinua mwavuli wake juu ili tusimpoteze katika wingi wa watu.

Tulianza mbele ya Mtakatifu Paulo. Kanisa la kale lililokuwapo pale liliteketea katika moto mkuu wa mwaka 1666. Moto huo ulizuka usiku wa tarehe 2 Septemba katika nyumba ya mwoka mikate, ukawaka siku nne, ukala nyumba 13,200 na makanisa ya mitaa 87. Ndipo Christopher Wren, fundi mkuu wa majengo, akapewa kazi ya kulijenga upya. Mawe ya kwanza yaliwekwa mwaka 1675, na kazi ilitangazwa kuwa imekwisha mwaka 1711, Wren akiwa mzee wa karibu miaka 80. Kuba yake, pamoja na msalaba ulio juu, yafika futi 365. Wren mwenyewe amezikwa chini ya kanisa hilo, na maandiko ya Kilatini yaliyo hapo yamwambia mtu atafutaye ukumbusho wake atazame tu pande zote alipo. Mmoja wetu akauliza, "Na waashi waliochonga mawe haya?" Kiongozi akatabasamu, akasema kwamba walikuwa wengi mno, na kwamba wachache tu ndio wanaokumbukwa kwa majina.

Tukateremka kilima cha Ludgate, tukaingia njia iitwayo Fleet Street. Sisi tunaopiga chapa gazeti dogo tulipapenda mahali hapa. Karibu na mwaka 1500 mpiga chapa Wynkyn de Worde alileta mtambo wake karibu na kanisa la Mtakatifu Bride, na baadaye magazeti makubwa ya Uingereza yalikaa katika njia hiyo muda wa miaka mingi. Sasa yamehamia kwingine, lakini watu wakitaja Fleet Street hata leo, huwa wanataja magazeti.

Tulipoimaliza njia iitwayo Strand tulitokea katika uwanja wa Trafalgar. Hapo pana nguzo ya jemadari wa bahari Nelson, aliyeuawa mwaka 1805 katika vita vilivyoupa uwanja jina lake. Yeye asimama juu sana, kadiri ya futi 169 kutoka chini, na simba wanne wa shaba wamelala miguuni pa nguzo. Watoto walikuwa wakipanda migongoni mwa simba wale, mama zao wakiwakataza bila kusikiwa, kama ilivyo desturi ya watoto mahali pote.

Kutoka hapo tulishika njia ya Whitehall, penye nyumba za serikali. Katikati ya njia umesimama ukumbusho wa jiwe jeupe uliofunuliwa tarehe 11 Novemba 1920, kwa ajili ya askari waliokufa katika vita vya 1914 mpaka 1918. Hauna jina hata moja la mtu, kwa maana ni wa wote. Tulivua kofia zetu, tukapita kimya.

Sasa mnara wa saa ulikuwa mbele yetu, na kengele kubwa iitwayo Big Ben, yenye uzito upatao tani 13, ikapiga saa saba za mchana. Chini yake ni nyumba ya Bunge, iliyojengwa upya baada ya moto wa mwaka 1834. Tulisimama hapa kwa shukrani, kwa kuwa katika Bunge hilo ilipitishwa mwaka 1807 sheria ya kuwakataza Waingereza biashara ya watumwa, na mwaka 1833 sheria ya kuwafungua watumwa katika sehemu kubwa ya milki yao. Lakini kiongozi wetu hakutuficha neno: akasema kwamba kabla ya hapo meli za Waingereza zilikuwa zimechukua watu wengi mno, na kwamba walioitetea biashara ile Bungeni walikuwa watu wa heshima. Twaona ni vema habari hizi mbili zisitenganishwe.

Ng'ambo ya njia ni Kanisa la Westminster, lililokuwa zamani la watawa. Aendaye kutazama hulipa kiingilio; aendaye kusali halipi kitu. Mfalme Edward aliyeitwa Mwungamaji alijenga kanisa hapa, likawekwa wakfu tarehe 28 Desemba 1065, na tangu 1066 wafalme wa Uingereza huvikwa taji hapa. Wa karibuni ni Charles wa Tatu, tarehe 6 Mei 2023. Jengo tunaloliona leo lilianzwa na mfalme Henry wa Tatu mwaka 1245. Zaidi ya watu 3,000 wamezikwa ndani yake. Yumo William Wilberforce, aliyeshindana na biashara ya watumwa. Na karibu na mlango wa magharibi yumo askari mmoja asiyejulikana jina, aliyezikwa mwaka 1920, ambaye kaburi lake halikanyagwi na mtu.

Mbele kidogo, katika sakafu, tuliona jiwe jeusi la David Livingstone. Kiongozi akatusomea maneno yake, ya kwamba marehemu aliletwa na mikono yenye uaminifu, nchi kavu na baharini. Kisha akainua mwavuli aendelee. Tukamwomba asimame. Tukamwuliza, "Bwana, mikono hiyo ilikuwa ya nani?" Akafikiri, akajibu, "Watumishi wake Waafrika." Tukasema, "Basi tupe nafasi, tukueleze majina yao."

Tukamweleza. Livingstone alifariki tarehe 1 Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, katika nchi iitwayo sasa Zambia. Abdullah Susi na James Chuma, pamoja na wenzao, wakauzika moyo wake chini ya mti, na Jacob Wainwright akasoma sala ya maziko, akachonga maandiko katika mti huo. Mwili wakautia chumvi, wakaukausha juani, wakaufunga. Ndipo watu kama 60 wakaanza safari ya zaidi ya maili 1,000. Karibu na Tabora Wazungu waliokutana nao waliwashauri wamzike huko, wakakataa. Mbele yake wenyeji wa kijiji kimoja hawakutaka maiti ipite. Wakaufunga mwili kama mtumba wa nguo, wakapita. Msichana aitwaye Losi aliumwa na nyoka njiani akichukua mtungi wa maji, akafa. Mwezi wa Februari 1874 walifika Bagamoyo. Jacob alisafiri na jeneza mpaka Uingereza, akawa mmoja wa walioandamana nalo kanisani siku ya maziko, tarehe 18 Aprili 1874. Susi na Chuma walifika huko baadaye, maziko yamekwisha. Chuma alifariki Unguja mwaka 1882. Susi alibatizwa huko mwaka 1886. Jacob alifariki Urambo mwaka 1892.

Mzee yule hakukasirika. Alitoa kitabu chake kidogo mfukoni, akatuomba tumtajie majina yale polepole, herufi kwa herufi, naye akayaandika: Susi, Chuma, Wainwright, Losi. Akasema, "Watakaokuja kesho watayasikia."

Basi, walimu na wazazi, London ni mbali, na wengi wetu hatutafika. Lakini majina haya tunaweza kuyafundisha jioni hii tukiwa tumeketi nyumbani. Waliobaki miongoni mwa wale 60, ambao majina yao hatuyataji hapa, Mungu anawajua, naye hasahau kazi ya mtu yeyote. Amani ya Bwana na ikae nyumbani mwenu.