Watano wa Nini?

Wiki haipiti bila mtu kuniuliza: "Tukihoji watu watano, wanatosha?" Namrudishia swali: unataka kujua nini? Hapo hunyamaza. Kama hilo hulijui, hata hamsini hawatakusaidia.

Tano hiyo ina asili yake. Mwaka 1993 watafiti Jakob Nielsen na Thomas Landauer walikokotoa kwamba mtumiaji mmoja, akipewa kazi ya kufanya kwenye programu, kwa wastani hufichua asilimia 31 ya kasoro zilizomo. Wakifika watano, zimeonekana kama asilimia 85. Hesabu ni sahihi, lakini ni ya kasoro: kitufe kisichoonekana, neno lisiloeleweka. Tena wastani ukishuka, tano inaanguka nao. Kasoro inayomkwaza mtu mmoja kati ya 10, ukiwa na watano, uwezekano wa kuiona ni asilimia 41 tu. Mwaka 2001 watafiti wengine, Jared Spool na Will Schroeder, walipojaribu tovuti za mauzo, watano wa kwanza walifichua asilimia 35 tu ya kasoro.

Sasa mtu anaibeba tano hiyohiyo kwenda kuuliza jinsi mama lishe anavyotunza fedha zake! Huko hakuna vitufe vya kuhesabu. Mama lishe wa Kariakoo anayelipwa papo hapo na mwenzake anayekopesha mafundi ujenzi hadi Jumamosi hawana daftari moja. Ukihoji watano wa Kariakoo umeijua Kariakoo, basi.

Tena kuuliza peke yake hakutoshi. Huduma ya fedha kwa simu ya M-Pesa ilipokuwa majaribioni Kenya mwaka 2005, ilikusudiwa kurejeshea mikopo midogo. Wahusika wakaona wateja wanatumiana fedha wao kwa wao, na huduma iliyozinduliwa mwaka 2007 ikawa ya kutuma fedha. Jambo hilo lilionekana kwa kufuatilia watu wanachofanya.

Kwa hiyo: andika kwanza uamuzi unaosubiri majibu. Gawa watu kwa tabia zao, umri uje baadaye. Anza na wachache kila kundi. Ukisikia mapya ongeza, yakijirudia simama. Panga na wawili wa ziada, maana wapo watakaokosa kupatikana. Mfuate mtu anapofanyia kazi, saa ambayo wateja wamepungua. Omba ruhusa kabla ya kurekodi, lipia muda wake. Usimuulize "ungeitumia huduma hii?", maana atakuitikia ili asikuvunje moyo; muulize mara ya mwisho alifanyaje, akuonyeshe na daftari. Kisha kaa na mwenzako jioni ileile mpitie maelezo, kabla hujahoji mwingine.