Kuisoma Tovuti ya Umma kwa Mtu Mwenye Ulemavu

Mama mwenye uoni hafifu anapotaka kujua habari za chanjo au za dawa zake, mara nyingi simu hukabidhiwa mtoto aliyesoma Kiswidi shuleni. Mtoto husoma kwa sauti, na siri iliyopaswa kubaki baina ya mama na daktari wake hujulikana sebuleni.

Tangu tarehe 1 Januari 2019, Uswidi ina sheria inayozitaka taasisi za umma, zikiwemo mikoa na manispaa, zihakikishe kwamba tovuti zao zinaweza kutumiwa na watu wenye ulemavu. Sheria hiyo imetokana na agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2016. Asiyeona hutumia programu inayosoma skrini kwa sauti. Mara nyingi programu hiyo haiwezi kueleza kwa uhakika kilichomo pichani isipokuwa picha imewekewa maelezo ya maandishi. Asiyeweza kutumia kipanya hana budi kuweza kupita kila mahali kwa vitufe vya kibodi. Video za afya nazo ziwe na maandishi kwa ajili ya asiyesikia.

Lipo tatizo jingine linalozihusu zaidi familia zinazozungumza Kiswahili, nalo husahauliwa hata na mafundi hodari. Ukurasa wa Kiswahili usipotiwa alama ya lugha yake, programu huweza kuusoma kwa matamshi ya Kiswidi. Katika Kiswidi, herufi k ikifuatwa na i hutamkwa karibu na sh, na j hutamkwa kama y. Basi “kifua” husikika kama “shifua”, na “jino” huwa “yino”. Vilevile, kipeperushi kilichopigwa picha kisha kuwekwa mtandaoni huweza kuwa kimya kitupu kwa asiyeona, hata kama tafsiri yake ni nzuri.

Anayekwama anaweza kudai. Tovuti ya umma inapaswa kuwa na taarifa iitwayo “tillgänglighetsredogörelse”. Kiungo chake kwa kawaida huwa chini kabisa ya ukurasa. Humo taasisi hutaja kasoro inazozijua na namna ya kuiarifu kasoro nyingine. Malalamiko huanzia kwa taasisi yenyewe. Jibu lisiporidhisha, hupelekwa kwa mamlaka ya usimamizi iliyotajwa katika taarifa hiyo hiyo. Inatosha kueleza ni ukurasa gani, ni kifaa gani kilichotumika, na ni kitu gani kilichoshindikana. Hakuna haja ya kutaja ugonjwa.

Marekebisho huchukua muda, na maradhi hayangoji. Simu ya 1177 hupokewa na wauguzi usiku na mchana. Mwenye shida ya kusema au kukumbuka anaweza kupiga kupitia huduma ya Teletal, na anayetumia lugha ya alama ya Kiswidi kupitia Bildtelefoni.net. Huduma hizi mbili hazitozwi ada.