Kuketi Darasani Pamoja na Mwalimu: Ukaguzi au Malezi?

Utangulizi

Mchungaji afundishaye kipindi cha dini shuleni, na mwanafunzi wa theolojia aliyepitia mazoezi ya kufundisha, wote wanaijua hali ya darasa pale mgeni anapoingia na kuketi nyuma akiwa na daftari. Sauti ya mwalimu hubadilika, naye huanza kumfundisha mgeni badala ya watoto. Makala hii inakusudia kueleza jinsi kuketi huko kunavyoweza kumsaidia mwalimu kuitafakari kazi yake, na ni sharti gani litimizwe ili kusigeuke kuwa hukumu.

1. Jambo hili si geni

Katika ziara za makanisa ya Saxony mwaka 1528, Luther alikuta watu, na hata wachungaji wengi, hawayajui mafundisho ya msingi. Hakuishia kwenye malalamiko. Mwaka 1529 alitoa Katekisimu, yaani aliwapa wafundishaji chombo cha kazi. Hapa Tanzania, katika miaka ya 1970, mpango wa MTUU, ulioendeshwa kwa ushirikiano na UNESCO na UNICEF, uliwatuma wakufunzi wazunguke shuleni na kuwasaidia walimu mahali pao pa kazi. Siku hizi kazi hiyo huitwa MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, ambamo walimu hukutana shuleni katika Jumuiya za Ujifunzaji. Mkoa wa Pwani umo pia miongoni mwa mikoa 9 ya mpango wa Shule Bora uliozinduliwa mwaka 2022.

2. Maana ya tafakuri

Donald Schön, katika kitabu chake cha mwaka 1983, alitofautisha kufikiri wakati wa kutenda na kufikiri baada ya kutenda. Mwalimu hufanya mambo mengi kwa mazoea, na mazoea hayaonekani kwa mwenyewe. Ndiyo sababu anahitaji jicho la mwenzake.

3. Jinsi ya kufanya

Tuchukue mfano wa shule katika kata ya Fukayosi, wilayani Bagamoyo, kandokando ya barabara iendayo Msata. Tuseme mwalimu wa Darasa la Nne anafundisha sehemu katika Hisabati.

Kwanza, kabla ya kipindi, wawili hao husoma andalio la somo, na mwalimu mwenyewe huchagua jambo la kutazamwa: “Mwenzangu, nitazamie maswali yangu.”

Pili, wakati wa kipindi, mtazamaji huandika alichokiona na kukisikia tu. Neno “dhaifu” halina nafasi katika daftari lake. Huandika: maswali 20, 16 yamekwenda madawati ya mbele, waliokaa karibu na mlango hawakuulizwa hata moja.

Tatu, siku iyo hiyo huketi faragha. Mtazamaji huonyesha hesabu hiyo, kisha huuliza: “Unaona nini hapa, Mwalimu?” Halafu hunyamaza. Huenda mwalimu akatambua kwamba walioketi mlangoni ni wale watokao mbali kwa miguu, wafikao wakiwa wamechelewa na kuchukua nafasi iliyobaki. Bila kukusudia, umbali wa nyumbani umekuwa umbali wa kufikiwa na somo. Ndipo huchagua badiliko moja la kujaribu, nao hupanga siku ya kutazama tena.

4. Hatari iliyopo

Ugumu hutokea pale mtu mmoja anapokuwa mlezi na pia mpimaji. Afisa Elimu Kata hutakiwa kumsaidia mwalimu na vilevile kutoa taarifa juu yake. Mwalimu ajuaye kwamba udhaifu wake utaandikwa atauficha, na kilichofichwa hakitafakariwi. Kwa hiyo yafaa mtazamaji wa kwanza awe mwalimu mwenzake, naye atazamwe vivyo hivyo kwa zamu. Daftari la mtazamo liachwe mikononi mwa aliyetazamwa. Upimaji wa utumishi ubaki na siku yake na fomu yake.

Hitimisho

Sisi tufundishao dini shuleni na kipaimara kanisani huketi nyuma ya wengine mara nyingi, lakini ni nadra sisi wenyewe kutazamwa. Yatupasa kuanza kwetu. Mwalike mwenzako katika kipindi kimoja, mpe swali moja la kutazama, na baadaye uwe wa kwanza kusema. Mtoto aliyekaa mlangoni hatasubiri mpaka tuwe tayari. Mwaka wa shule ukiisha, atakuwa ameondoka na alichopata.