SUFURIA HAISHIKI KUTU, LAKINI HULIKA

Jembe likiachwa kwenye mvua hushika kutu. Sufuria ikiachwa kwenye mvua hiyo hiyo haishiki kutu nyekundu. Kwa nini?

Jembe ni la chuma. Sufuria zetu nyingi ni za alumini. Alumini ikikutana na hewa hujivika ngozi nyembamba sana. Huwezi kuiona kwa macho, lakini ndiyo inayoilinda sufuria. Ikikwaruzwa, huota tena mara moja.

Hata hivyo, sufuria hutoboka. Nini huila?

MAADUI WA SUFURIA

Adui wa kwanza ni magadi. Magadi huyeyusha ile ngozi, kisha hula alumini yenyewe. Maji ya majivu hufanya vivyo hivyo.

Adui wa pili ni chumvi. Mchuzi wenye chumvi ukilala ndani ya sufuria, chumvi huchimba vishimo vidogo vidogo. Siku moja kishimo huwa tundu.

Adui wa tatu ni vitu vichachu, kama ndimu na ukwaju.

Adui wa nne ni shaba. Tundu likizibwa kwa shaba, alumini iliyo karibu hulika upesi pakiwa na maji. Mwambie fundi azibe kwa alumini.

WEUSI WA NDANI SI UCHAFU

Sufuria mpya ikichemshiwa maji, mara nyingi huwa nyeusi ndani. Watu husugua kwa mchanga mpaka ing'ae. Hilo ni kosa. Weusi huo si uchafu wala si sumu. Ni ile ngozi imenenepa. Kila ukiiondoa kwa mchanga, unapunguza sufuria yako.

Viwandani, mafundi huinenepesha ngozi hiyo kwa makusudi. Hutumbukiza alumini katika tindikali na kupitisha umeme. Alumini ya boti za baharini huchanganywa na magnesiamu, ili ivumilie maji ya chumvi.

TUFANYE NINI?

1. Maharage ya magadi tuyapike katika chungu.
2. Chakula kikiiva, tusikilaze katika sufuria.
3. Tuoshe sufuria kwa sabuni na kitambaa laini.
4. Tuifunike kichwa chini juu ya kichanja, ikauke.

Sufuria imenunuliwa kwa fedha ya jasho. Tukiitunza, nayo itatutunza.