Gofu palipokuwa makonge

Mtu wa Bura hashangazwi na makonge. Akitoka Voi kwenda kwao hupitia Mwatate, kwenye shamba kubwa la Teita Sisal. Lakini je, ajua kwamba kule Vipingo, Kilifi, penye historia ya makonge vilevile, sasa pana uwanja wa gofu wa kimataifa?

Uwanja huo wa Baobab, yaani mbuyu, uko Vipingo Ridge. Una mashimo 18, na mchezaji stadi hutarajiwa kuyamaliza kwa mikwaju 72. Usihadaiwe na mandhari ya bahari! Uwanja uko mwinukoni, na adui ni upepo. Mpira ukipigwa kuukabili hupaa badala ya kwenda mbele, basi shimo la mikwaju minne hudai mitano. Upepo wa ubavuni ndio mbaya zaidi: huutupa mpira vichakani, na hapo heri kupoteza mkwaju mmoja kuliko kujitia ushujaa.

Desemba 2019, msimu wa kaskazi, Mjerumani Esther Henseleit alianza siku ya mwisho ya Magical Kenya Ladies Open akiwa nyuma. Alicheza mikwaju 64, akatwaa kombe pamoja na ubingwa wa wanawake Ulaya wa msimu mzima. Mwaka wa 2024 akanyakua medali ya fedha ya Olimpiki ya Paris.