Kupima Kelele Kabla ya Kusikiliza

Wasikilizaji wetu, kila aliyepata kusikiliza redio wakati wa radi ajua jinsi mikwaruzo iwezavyo kuyafunika maneno ya msemaji. Maneno yapo, lakini sikio haliwezi kuyatenga na kelele. Leo twapenda kuwaeleza jinsi wataalamu wa chembe wapatavyo taabu iyo hiyo, na jinsi wanavyopambana nayo kwa hesabu na subira.

Katika mji wa Tsukuba, nchi ya Japani, uko mtambo uitwao SuperKEKB. Una njia mbili za mviringo zilizojengwa chini ya ardhi, na mzunguko wa kila moja ni kilometa 3 hivi. Katika bomba moja hupita elektroni, yaani chembe ndogo mno zenye umeme hasi. Katika bomba la pili hupita positroni, zilizo kama elektroni ila umeme wake ni chanya. Chembe hizo hukimbia karibu sawa na mwanga, hata huzunguka mara 100,000 hivi kwa sekunde moja. Mahali pamoja njia hizo hukutana, na hapo chembe hugongana. Kupazunguka mahali hapo kimejengwa chombo kikubwa kiitwacho Belle II, ambacho kazi yake ni kuona vitu vizaliwavyo katika mgongano. Kwa njia hiyo wataalamu hutafuta sababu ya ulimwengu wetu kujaa maada, wala si kinyume cha maada.

Lakini chembe nyingi hupotea njiani kabla ya kugongana. Hugonga ukuta wa bomba, na huko huzaa mvua ya chembe nyingine zinazoingia chomboni bila kualikwa. Sababu kubwa ni mbili. Ya kwanza ni msongamano. Chembe husafiri kwa mafungu, na zile za fungu moja husukumana zenyewe kwa zenyewe, nyingine zikatoka katika njia yake. Jambo hili huitwa kwa jina la Bruno Touschek, mzaliwa wa Vienna, nalo lilionekana mwaka 1963. Sababu ya pili ni hewa. Hata bomba likinyonywa hewa kwa pampu zilizo bora, hubaki hewa kidogo, na chembe zikaikwaa.

Yamkini msomaji atauliza, je, hasara yake ni nini? Kelele zikizidi, alama za kweli hupotea ndani yake. Tena, vile vipokezi vinavyoona mwanga hafifu huchakaa kabla ya wakati wake. Mwisho, mtambo hauwezi kuongezwa nguvu, na kazi ya miaka mingi ya watu wengi ikakwama.

Basi, hufanyaje? Kwanza huiga mambo yote katika kompyuta. Huandika humo umbo la bomba, nguvu za sumaku, na kiasi cha hewa. Kisha huachilia chembe za kuwazia tu, wakazifuata hatua kwa hatua, wapate kujua zitagonga wapi. Kwa kuwa hakuna awezaye kusema chembe hii itakwenda kulia au kushoto, kompyuta hupiga kura kila mara. Ndiyo sababu njia hii huitwa Monte Carlo, mahali palipo mashuhuri kwa mchezo wa kamari.

Lakini hesabu pasipo kipimo haitoshi. Mwuza mahindi mwenye busara hupima kwanza kikapu kitupu. Vivyo hivyo, katika mwaka 1916 + 100, yaani 2016, chembe zilizungushwa kwa miezi kadhaa bila kugonganishwa, wala Belle II haikuwekwa mahali pake. Badala yake viliwekwa vipimo vidogo vya namna nyingi, vilivyopewa jina la BEAST. Kila kilichoonekana wakati huo kilikuwa kelele tupu.

Na kuzitenga sababu mbili zile kulikuwa na hila nzuri. Wataalamu waliacha wingi wa chembe uwe ule ule, wakalitanua fungu. Fungu likiwa pana, chembe hazisongamani sana, kwa hiyo kelele za Touschek hupungua. Lakini hewa iliyomo bombani haijali upana wa fungu. Basi kilichopungua kilikuwa cha msongamano, na kilichosalia kilikuwa cha hewa.

Walipolinganisha vipimo na hesabu, havikupatana. Penginepo kipimo kilizidi hesabu mara nyingi. Hawakuona haya kulisema, bali walirudi kuichunguza hesabu yenyewe. Walieleza vizuri zaidi vile vizuizi vya chuma vinavyokamata chembe zilizopotoka, wakakadiria upya hewa iliyomo ndani ya bomba. Katika taarifa iliyotolewa mwaka 2023, tofauti ya kipimo na hesabu haikupita mara kumi. Kwa mwenye duka hiyo ni tofauti kubwa. Kwa kelele za namna hii ni maendeleo ya kweli, maana sasa waweza kukisia mapema ni kizuizi gani kisogezwe, na ni wapi paongezwe ukuta wa kinga.

Enyi wanafunzi, mnapopima kitu chochote shuleni, anzeni kwa kupima kikapu kitupu, mkaandike hesabu yake hata isipowapendeza.